Ndugu wa Tumbo Moja

Kitendawili.
Tega.
Nina kitabu kimeandikwa kwa herufi nne tu
na mwenyewe hajui kusoma.
Hujui? Nipe mji.

Wakanipa Cardiff:
mvua ya ubavu, ghorofa ya tatu,
dirisha linalotazama maegesho ya ambulensi.

Mama hupiga simu kila Ijumaa, toka Lindi.
"Daktari, wagonjwa leo wangapi?"
Mama, mimi si daktari. Sijawahi kumpima mtu mapigo.
Wagonjwa wangu huja wakiwa mafaili,
majina wameyavua mlangoni kama viatu,
wamebaki na umri, namba, na mtaa.
Hata kinyesi chao sijakiona. (Hapo hucheka.)
"Sasa unalipwa kwa kazi gani?"
Nasoma, Mama. A, na C, na G, na T.
Hiyo C, ambayo kwetu haitoki nje bila H kuishika mkono,
huku inatembea peke yake usiku,
mara milioni na ushei.

Jumanne, saa nne usiku.
Programu imekwama mara ya tatu
kwa sababu mtu fulani, mimi,
aliacha nafasi tupu kwenye jina la faili.
Nafasi tupu moja, kazi ya siku mbili chali.
Nikarekebisha. Nikala mkate baridi. Nikangoja.
Ndipo mti ukaota kwenye kioo,
mti wa kulala ubavu, hauna jani, hauna kivuli,
shina kushoto, matawi kulia,
na kwenye ncha za matawi, watu.

Kumi na mmoja wamebanana kijiti kimoja.
Bibi wa miaka themanini na miwili, Splott.
Mtoto wa miezi tisa, Barry.
Dereva wa lori aliyelazwa Swansea.
Kati ya vijidudu vyao, tofauti ya herufi mbili.
Mbili, katika milioni nne na laki nane.
Hawajuani. Hawatajuana.
Ila salmonela yao ni ndugu wa tumbo moja,
na neno hilo, tumbo,
sijapata kuliona likibebeshwa mzigo kama huu.

Nikampigia Delyth, ambaye kazi yake
ni kuuliza watu walikula nini.
"Una hakika?"
Kwamba ni wamoja, ndiyo.
Mti unanionyesha nani ndugu ya nani,
haunionyeshi sahani.
Wapi, sijui. Nipe mji.
"Nini?"
Basi, nikasema. Ni mambo ya kwetu.

Siku nne akauliza. Mayai? Kuku? Saladi?
Dereva alikasirika, bibi alitaka kuongea habari za paka.
Nyanya yake mtoto ndiye aliyekumbuka:
kijiko kimoja cha ufuta uliosagwa,
ndani ya uji, apate nguvu.

Ufuta.
Nilikaa na neno hilo mikono ikiwa juu ya kibodi.
Shule nimesomeshwa na ufuta. Sare, daftari, nauli.
Nikafungua hifadhi ya dunia nzima
nikatafuta jirani wa kijiti kile, toka kwetu.
Hakuna.
Nikashusha pumzi.
Halafu nikaangalia rafu yenyewe:
kwetu kulikuwa na mafaili sita.
Sita, kwa matumbo yote yale.
Hakuna, kwa sababu hakuna aliyesoma.
Nafasi tupu, tena.
Nikaandika kwenye ripoti: chanzo cha awali hakijulikani.
Nilifuta. Nikaandika tena vilevile.

Ndoo zile zikaondolewa madukani.

Ijumaa.
"Daktari, wagonjwa wangapi?"
Kumi na mmoja, Mama. Wa kumi na mbili hakutokea.
"Huyo ndiye unayelipiwa," akasema,
na nyuma ya sauti yake nikasikia ungo,
shh, shh,
anapeta.